DOROTHY HODGKIN: MAMA ALIYEONA UMBO LA DAWA



Huenda umewahi kuchomwa sindano ya penisilini. Huenda mtoto wako amewahi kupewa ampisilini au amoksilini. Dawa hizi ni za ukoo mmoja. Zimeokoa watu wengi sana duniani.

Je, dawa hizi zimejengwaje ndani yake? Jicho la mtu haliwezi kuona. Hata darubini ya hospitali haiwezi kuona. Katika habari hii tutasoma maisha ya mama mmoja aliyetumia njia nyingine ya kuona. Jina lake ni Dorothy Hodgkin. Alikuwa Mwingereza, lakini alizaliwa Afrika. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, huku mikono yake ikiwa na ugonjwa usiopona.

1. UTOTO WAKE

Dorothy alizaliwa mjini Cairo, nchini Misri, tarehe 12 Mei 1910. Baba yake aliitwa John Crowfoot. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya elimu. Baadaye alikuwa mkurugenzi wa elimu nchini Sudani. Mama yake aliitwa Grace. Mama huyu alipenda sana kazi ya kusokota nyuzi na kufuma nguo. Alipokaa Sudani, alijifunza kazi hiyo kwa wanawake wa huko.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Dorothy alikuwa na umri wa miaka minne. Yeye na wadogo zake waliachwa Uingereza pamoja na yaya, karibu na nyumba ya bibi yao. Wazazi walirudi kazini Afrika. Kwa miaka yote ya vita watoto walimwona mama yao kwa nadra sana. Dorothy akajifunza kujitegemea mapema.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, alifundishwa kutengeneza fuwele. Fuwele ni nini? Tazama punje ya chumvi au ya sukari. Utaona ina pande bapa na pembe kali, kama imekatwa na fundi. Hiyo ni fuwele. Hata wewe unaweza kuitengeneza. Koroga chumvi katika maji ya moto mpaka isiyeyuke tena. Yaache maji hayo mahali palipotulia kwa siku kadhaa. Maji yatakauka polepole, na punje zenye pembe zitabaki. Dorothy alipoziona alishangaa. 

Katika shule yake ya sekondari, somo la kemia lilikuwa la wavulana. Wasichana walifundishwa kazi za nyumbani. Dorothy na msichana mwingine mmoja waliomba kusoma kemia. Wakakubaliwa.

Mwaka 1923 alikwenda Khartoum kuwatembelea wazazi wake. Huko aliona wataalamu wakichekecha mchanga kwa maji ili kutafuta dhahabu. Naye akachekecha mchanga wa mfereji uliokuwa katika bustani ya nyumbani. Hakupata dhahabu. Alipata madini meusi yenye kung'aa. Mtaalamu mmoja wa udongo, rafiki wa baba yake, alimsaidia kuyapima mpaka akayatambua. Kisha alimpa sanduku la dawa za kupimia madini. Dorothy alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Alipofikisha miaka kumi na sita, mama yake alimpa kitabu cha mtaalamu William Bragg. Kitabu kilieleza jinsi eksirei inavyoweza kutumika kujua mpangilio wa ndani wa fuwele. Tangu hapo Dorothy alijua kazi anayoitaka.

2. KUONA KISICHOONEKANA

Kabla ya kuendelea, tujifunze jambo moja. Vitu vyote duniani vimejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa atomu. Maji, chumvi, dawa na mwili wako, vyote ni atomu. Katika vitu vingi, kama maji, sukari na dawa, atomu hushikana na kuwa kundi. Kundi hilo huitwa molekuli.

Fikiri juu ya matofali. Kwa matofali yale yale unaweza kujenga nyumba, kisima au ukuta. Idadi ya matofali peke yake haikuambii kilichojengwa. Lazima ujue yalivyopangwa. Atomu nazo ni hivyo hivyo. Dawa hufanya kazi mwilini kwa sababu ya umbo lake, kama ufunguo unavyofungua kufuli yake. Ufunguo wenye meno mengine haufungui. Kwa hiyo wataalamu wakitaka kuigiza dawa, au kuiboresha, ni lazima kwanza walijue umbo lake.

Sasa, umbo hilo huonekanaje? Fanya jaribio hili. Usiku wa giza, simama mbali na taa ndogo yenye mwanga mkali. Tandaza kitambaa cha mwavuli karibu na jicho lako. Tazama taa kupitia kitambaa hicho. Hutaona taa moja tu. Utaona vidoa vya mwanga vimejipanga kwa mistari pande zote. Ukizungusha kitambaa, vidoa navyo vinazunguka. Vidoa hivyo vinatokana na mpangilio wa nyuzi. Kwa hiyo mtu anayejua hesabu anaweza kupima vidoa, akajua nyuzi zimefumwaje, bila kuziona.

Fuwele ni kama kitambaa hicho. Molekuli zimejipanga ndani yake safu kwa safu. Lakini nafasi kati ya atomu ni ndogo mno. Mwanga wa taa hauwezi kuzipima. Eksirei inaweza. Hii ni eksirei ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Mtaalamu hupitisha eksirei katika fuwele. Nyuma yake huweka filamu. Filamu ikisafishwa huonyesha vidoa vingi vyeusi. Vingine ni vyeusi sana, vingine ni hafifu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Katika siku za Dorothy, kila kidoa kilipimwa kwa macho. Kisha zilifuata hesabu ndefu za miezi na miaka. Mwisho wake ilichorwa ramani, kama ramani inayoonyesha milima kwa mistari. Kila kilele katika ramani hiyo kilikuwa mahali pa atomu.

Tena kulikuwa na fumbo kubwa. Filamu ilionyesha nguvu ya kila wimbi la eksirei, lakini haikuonyesha wimbi lipi lilitangulia. Ni kama kusikia ngoma nyingi usiku. Unajua ipi inapigwa kwa nguvu na ipi kwa upole. Lakini hujui mpigaji yupi alianza. Ili kufumbua fumbo hilo, wataalamu walitafuta fuwele yenye atomu moja nzito. Atomu nzito huonekana kwa urahisi, kama mbuyu katikati ya kijiji. Ukishajua mbuyu ulipo, unaweza kueleza nyumba nyingine ziko upande gani.

3. MIKONO YAKE YAPATWA NA UGONJWA

Mwaka 1928 Dorothy aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Alimaliza mwaka 1932 na kupata daraja la kwanza. Halafu alikwenda Cambridge kujifunza zaidi kwa mtaalamu J. D. Bernal. Mwaka 1934 alirudi Oxford kufundisha na kufanya utafiti.

Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 24, vidole vyake vilianza kuvimba na kuuma. Alikwenda kwa daktari. Akaambiwa kwamba ana baridi yabisi ya viungo. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuizuia. Polepole vidole vyake vilipinda, na miguu yake pia.

Fikiri, msomaji. Kazi yake ilikuwa kushika fuwele ndogo kama punje ya chumvi, na kuibandika kwenye ncha ya unywele wa kioo. Chumba chake cha kazi kilikuwa na roshani. Ilibidi apande ngazi na fuwele yake mkononi. Swichi ya mtambo wa eksirei ilimshinda kuibonyeza. Akatengenezewa mkono mrefu wa kuvutia swichi hiyo. Kazi ikaendelea.

Palikuwa na kikwazo kingine. Chama cha wataalamu wa kemia pale Oxford hakikuruhusu wanawake kuhudhuria mikutano yake. Dorothy hakuacha kazi. Wanafunzi walimfuata, na wengi wao walikuwa wanawake.

Mwaka 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin. Inafaa wanakisomo wamjue bwana huyu. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Aliwafundisha wachimbaji wa makaa ya mawe waliokosa kazi kaskazini mwa Uingereza. Alikaa mbali kwa kazi hiyo, akarudi nyumbani mwisho wa juma. Walizaa watoto watatu: Luke, Elizabeth na Toby.

4. PENISILINI

Mwaka 1928 daktari Alexander Fleming wa London aliona ukungu ulioota katika kisahani chake. Karibu na ukungu huo vijidudu vilikufa. Maji ya ukungu yenye nguvu hiyo akayaita penisilini. Lakini hakuweza kuitenga iwe safi. Kazi hiyo ilifanywa Oxford miaka kumi na zaidi baadaye, na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao.

Mwaka 1941 walimpa penisilini askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi. Vijidudu vilikuwa vimeenea katika damu yake. Baada ya siku chache alianza kupata nafuu, akaweza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo sana. Walikusanya hata mkojo wake ili kuitoa dawa iliyomo na kumpa tena. Haikutosha. Dawa ilikwisha, na yule askari akafa.

Kifo hicho kiliwaonyesha wote tatizo lilipo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Majeruhi walikuwa wengi. Ukungu ulitoa dawa kidogo. Wataalamu wa Uingereza na Marekani walitaka kuitengeneza viwandani kwa njia ya kemia. Lakini hawakujua umbo lake.

Wakabishana. Robert Robinson, mkuu wa kemia pale Oxford, alitetea umbo moja. Chain na wengine walitetea jingine. Walisema kwamba katikati ya penisilini kuna pete ndogo ya atomu nne: tatu za kaboni na moja ya nitrojeni. Wengi hawakukubali. Walisema pete ndogo namna hiyo imekazwa mno, itakatika upesi.

Dorothy alipewa fuwele za penisilini. Alifanya kazi hiyo pamoja na mwanafunzi wake, Barbara Low. Ilikuwa siri ya vita. Walipima vidoa, wakajumlisha hesabu kwa kutumia vipande vyembamba vya karatasi vilivyoandikwa namba. Mwishoni walitumia pia mashine ya hesabu yenye kadi za matundu. Molekuli ya penisilini waliyoichunguza ina atomu 41 tu. Hata hivyo kazi ilichukua karibu miaka mitatu.

Robinson alikuwa mkubwa wake. Tena yeye ndiye aliyemtafutia fedha za kununua mitambo ya eksirei. Dorothy angeweza kuogopa kumpinga. Lakini aliendelea na kazi mpaka ramani ilipokamilika. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vinakwisha Ulaya, ramani ilionyesha pete ya atomu nne. Dorothy hakuhitaji kubishana. Aliyetaka kujua alionyeshwa ramani.

Pete ile iliyokazwa ndiyo siri ya dawa. Ni kama upinde uliovutwa. Inapofunguka humnasa mjenzi wa ukuta wa kijidudu. Ukuta haujengwi, na kijidudu hupasuka.

Ujuzi huo haukuleta kiwanda kipya siku ya pili. Kwa miaka kadhaa penisilini iliendelea kutoka katika ukungu uliokuzwa katika mapipa makubwa. Mwaka 1957 ndipo mtaalamu John Sheehan wa Marekani alipotangaza kwamba ameijenga kwa kemia tupu. Lakini kwa kuwa umbo lilijulikana, wataalamu waliweza kuacha pete ilivyo na kubadili tawi la pembeni. Hivyo zilipatikana dawa mpya, kama ampisilini na amoksilini.

Vijidudu navyo vina hila. Vingine hutengeneza kitu cha kuikata pete ile. Ndiyo maana waganga husisitiza: usitumie dawa hizi bila kuandikiwa, na ukiandikiwa fuata maelezo mpaka mwisho.

5. VITAMINI YENYE RANGI NYEKUNDU

Zamani kulikuwa na aina ya upungufu wa damu iliyoua watu bila dawa. Mwaka 1926 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba mgonjwa akila maini mengi kila siku hupona. Mwaka 1948 kitu kinachoponya kilitengwa kutoka katika maini. Kilikuwa fuwele nyekundu. Kikaitwa vitamini B12.

Dorothy alianza kuichunguza mwaka huo huo. Molekuli hii ni kubwa zaidi. Ina atomu 181. Kwa bahati, katikati yake kuna atomu moja nzito ya kobalti. Huo ndio ulikuwa mbuyu wake. Mtaalamu mmoja wa California, Kenneth Trueblood, alikuwa na kompyuta ya siku zile. Alijitolea kufanya hesabu bila malipo. Barua na simu za maandishi zilivuka bahari. Mwaka 1956, baada ya miaka minane, umbo lote lilitangazwa.

Mwaka 1964 Dorothy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alikuwa mwanamke wa tatu kuipata tuzo hiyo, baada ya Marie Curie na binti yake Irène. Habari hiyo ilimkuta Ghana. Mumewe Thomas wakati huo alikuwa mkuu wa taasisi ya kuchunguza mambo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghana. Huko Uingereza, gazeti moja lilitangaza kwamba mama wa nyumbani ameshinda tuzo. Halikukumbuka miaka thelathini ya kazi yake.

6. INSULINI: MIAKA 34

Insulini ni kitu kinachotengenezwa mwilini ili kutawala sukari katika damu. Ikikosekana, mtu huugua kisukari. Tangu mwaka 1922 wagonjwa wamechomwa sindano za insulini.

Mwaka 1935 Dorothy alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya insulini. Vidoa vilipotokea katika filamu ilikuwa usiku. Kwa furaha alitoka akatembea peke yake katika mitaa ya Oxford. Lakini molekuli ya insulini ina atomu karibu 800. Hesabu za wakati ule hazikuweza kuimaliza. Dorothy aliiweka kando, akamaliza penisilini, akamaliza B12. Kila mara aliirudia. Mwaka 1969, baada ya miaka 34, yeye na kundi lake waliona umbo la insulini. Katika kundi hilo walikuwamo vijana kutoka nchi mbalimbali, kama New Zealand na India. Siku ya kutangaza mbele ya wataalamu, Dorothy alimwachia kijana mmoja nafasi ya kusimama na kusema.

Wataalamu wa China nao walikuwa wameichunguza insulini peke yao. Dorothy aliwatembelea, kisha akaueleza ulimwengu kwamba kazi yao ni nzuri.

7. SIKU ZAKE ZA MWISHO

Dorothy alichukia vita. Mwaka 1953 Marekani ilimnyima ruhusa ya kuingia kwa sababu ya watu na vyama alivyoshirikiana navyo. Kuanzia 1976 hadi 1988 aliongoza umoja wa wataalamu wanaopinga silaha za nyuklia, uitwao Pugwash. Kuanzia 1970 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Bristol. Huko alisaidia wanafunzi wa nchi maskini wapate nafasi ya kusoma.

Thomas alifariki mwaka 1982. Mwaka 1993 Dorothy alikuwa akitembezwa kwa kiti cha magurudumu. Hata hivyo alisafiri hadi Beijing kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa fuwele. Alifariki nyumbani kwake Uingereza tarehe 29 Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 84.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Dorothy alijaza kibaba chake kwa kidoa kimoja kimoja. Hakusema anajua kabla ya kupima. Na alipokwisha kupima, hakuogopa kusema alichokiona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA DARASA

1. Kwa nini haitoshi kujua idadi ya atomu katika dawa?
2. Kwa nini yule askari polisi alikufa, ingawa dawa ilikuwa imeanza kumponya?
3. Ni kikwazo gani kilichokuwa kikubwa zaidi kwa Dorothy: ugonjwa wa mikono, au kuzuiwa kuhudhuria mikutano kwa sababu ni mwanamke? Toa sababu zako.
4. Katika kijiji chenu, watu wakibishana juu ya mbegu au mbolea bora, mnaweza kufanya nini ili kupata ukweli?
5. Tengeneza fuwele za chumvi nyumbani. Zilete darasani na uwaeleze wenzako ulivyofanya.